Nyumba isiyo na paa: kwa nini mhami wa vita hupotea, na jinsi anavyojifunza njia upya

GOMA – Mjini hapa, mtu akiulizwa njia hasemi kwanza kushoto wala kulia. Anasema "panda" au "shuka". Kupanda ni kuelekea volkano Nyiragongo, upande wa kaskazini. Kushuka ni kuelekea Ziwa Kivu, upande wa kusini. Jua linatoka upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka na Rwanda, na linazama upande wa Sake. Mtoto aliyezaliwa Majengo au Katindo hakufundishwa mambo hayo darasani. Amekua nayo kama alivyokua na harufu ya sambaza sokoni.

Lakini Goma imejaa watu ambao hawakuzaliwa Goma. Tangu vita viliposhika kasi tena katika Rutshuru na Masisi, Kanyaruchinya, Rusayo, Lushagala na Bulengo yamekuwa majina ya makambi. Mwanzoni mwa 2025 makambi mengi yakabaki matupu na watu wakahama tena. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia mitaani kwa familia za kuwapokea. Katika kila kuhama, vitu vilihesabiwa: hema ngapi, bidoni ngapi, magunia mangapi ya unga. Kitu kimoja hakikuhesabiwa. Ni ramani ambayo kila mtu alikuwa nayo kichwani, na ambayo haikupakiwa mgongoni pamoja na godoro.

"Hapa hema haziseme kitu"

Mama mmoja kutoka vilima vya Masisi alifika katika kambi moja magharibi mwa Goma akiwa na watoto wanne. Wiki ya kwanza alikwenda kuchota maji asubuhi na kurudi giza limeingia. Maji hayakuwa mbali. Alikuwa ameizunguka kambi nzima na bidoni ya lita 20, akiangalia hema moja baada ya nyingine, akiona haya kuuliza. Jirani zake walicheka. Kijana mmoja akasema kwamba mama wa kijijini hawezi kujua njia ya mji.

Mama huyu, kule kwao, alikuwa akitoka kwenda shambani kabla ya jua kuchomoza. Alijua kivuko cha mto hata wakati wa ukungu. Usiku mmoja wa risasi aliwatoa watoto wake kwa njia ya nyuma ya kilima, bila taa, na hakukosea hata mara moja.

"Kule kwetu mulima ndio ulikuwa unaniambia," alieleza. "Ukienda juu, unajua. Ukisikia mutoni, unajua. Hapa hema zote ni sawa. Hapa hema haziseme kitu."

Ndani ya maneno hayo mna maelezo ambayo wataalamu wamechukua miaka mingi kuyafikia. Akili ya mama haikupungua njiani. Kilichopungua ni alama. Katika vilima, ardhi yenyewe ni ramani: kuna mteremko, kuna bonde, kuna mti mkubwa, kuna sauti ya maji. Kambini kuna shitingi nyeupe, halafu shitingi nyeupe nyingine. Kijia kilichokuwepo Jumatatu kimefungwa Ijumaa kwa sababu familia nyingine zimefika na kujenga hapo. Ongeza usiku usio na usingizi, njaa na mawazo ya waliobaki nyuma. Hata mwenyeji wa mji, akiwekwa hapo, angezunguka na bidoni yake.

Kinachofanyika kichwani

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo iliyopinda inayoitwa hipokampasi. Mwaka 1971 mtaalamu John O'Keefe, akifanya kazi London, alionyesha kwamba katika ubongo wa panya kuna seli zinazoamka pale tu mnyama anapofika mahali fulani. Mahali pengine, seli nyingine. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, huko Norway, walieleza seli za aina nyingine jirani na hapo. Hizi huamka katika sehemu nyingi zilizopangika kwa pembetatu zilizo sawa, kama mtu aliyetandika wavu juu ya ardhi ili apime hatua zake. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa lugha ya kawaida, kila kiumbe anayetembea hubeba jiometri kichwani, hata kama hajawahi kushika rula.

Ramani hiyo hukua kwa kutumiwa. Dereva wa teksi wa London, kabla ya kupewa kibali, hujifunza kwa kichwa mitaa karibu 25,000. Mwaka 2000 mtaalamu Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva hao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Baadaye, mwaka 2011, walionyesha kwamba waliosoma mitaa hiyo na kufaulu ubongo wao ulibadilika katika miaka ya kujifunza. Hawakuzaliwa hivyo. Mwenye pikipiki anayesubiri abiria pale Signers, anayejua Birere kwa kijia na Ndosho kwa shimo, ameijenga ramani yake kwa njia ileile. Hana cheti chake tu.

Hata maneno ya njia yana asili yake. Kaskazini na kusini, yaliyo katika majina ya majimbo ya Kivu, yametoka pwani ya Bahari ya Hindi. Kaskazi na kusi ni pepo mbili zilizosukuma majahazi, moja ikitoka upande huu, nyingine upande ule. Mabaharia walitaja pande za dunia kwa pepo, kwa sababu pepo ndizo walizozijua. Mtu wa Masisi anazitaja kwa kilima na mto. Mtu wa Goma anasema panda na shuka. Waguugu Yimithirr, wenyeji wa kaskazini mwa Australia, katika lugha yao hutaja pande za dunia hata ndani ya nyumba, pale ambapo wengine wangesema kushoto na kulia. Hakuna kati yao aliye mjinga. Kila mmoja amejifunza kusoma ardhi iliyomlea, na shida huanza anapotupwa kwenye ardhi ya mwingine.

Mchezo wa mavumbini

Katika kambi ileile alikuwako mwalimu wa hesabu wa sekondari, mhami wa vita kutoka Rutshuru. Hakuwa na darasa wala chaki. Alikuwa na kijiti, na vumbi jeusi la volkano ambalo katika Goma halimalizikii. Mchana, watoto walipokosa la kufanya, alichora na kuuliza.

Alichora kwanza mraba wenye mistari miwili inayokatana ndani yake kama herufi X. Kisha akatoa sharti: fuata mistari yote kwa kidole, usiinue kidole, usipite mstari mmoja mara mbili. Watoto wakajaribu mpaka jua likashuka, na hakuna aliyeweza. Siku ya pili akaongeza paa la pembetatu juu ya mraba uleule. Ilikuwa sasa nyumba. Kabla ya chakula, watoto watatu walikuwa wameimaliza.

Mchezo wa namna hii si mgeni katika Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Emil Torday, mtafiti kutoka Hungaria, aliwakuta watoto wa ufalme wa Wakuba, huko Kasai, wakichora mchangani. Wakamwambia naye ajaribu kufuata michoro yao bila kuinua kidole. Walikuwa wakiifanya kwa wepesi, na mgeni ndiye aliyetoka jasho. Wachokwe, ambao wako Angola na kusini mwa Kongo, wana michoro yao iitwayo sona. Mzee huweka nukta mchangani kisha huzungusha mstari mmoja kati yake huku akisimulia hadithi. Paulus Gerdes, mtaalamu wa hesabu wa Msumbiji, aliandika vitabu kuonyesha hesabu iliyomo ndani ya michoro hiyo.

Ulaya, swali la jamaa moja liliulizwa kuhusu madaraja. Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, ulikuwa na madaraja saba. Je, mtu anaweza kutembea na kuvuka kila daraja mara moja tu? Mwaka 1736 Leonhard Euler alionyesha kwamba haiwezekani, na akaeleza sababu.

Binti wa yule mama wa Masisi, mwenye umri wa miaka 12, aliifikia sababu hiyo mwenyewe, ameketi juu ya jiwe. Aliacha kujaribu na kuanza kuhesabu. Kila kona unayopita, alisema, unaingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mwingine. Kwa hiyo mistari ya kona inakwenda miwili miwili. Kona yenye mistari mitatu inabakiza mmoja. Kona ya namna hiyo inafaa tu kuwa pa kuanzia au pa kumalizia. Katika mraba wenye X, kona zote nne zina mistari mitatu mitatu. Pa kuanzia pako pamoja, pa kumalizia pamoja, na kona mbili zinabaki bila kazi. Lakini paa likiwekwa, kona mbili za juu zinapata mstari wa nne. Zinabaki za chini tu. Anza kwenye moja ya hizo, utamalizia kwenye nyingine.

"Basi ile ya kwanza haikuwa yetu kushindwa," binti alimwambia mwalimu. "Ilikuwa inakosa paa."

Mwalimu hakujibu mara moja. Kuzunguka hapo, kila mtu alikuwa chini ya shitingi.

Hodari wa mchoro si lazima awe hodari wa njia

Mwalimu huyu, aliyeweza kulizungusha umbo lolote kichwani, alikuwa akipotea. Watoto walijua. Jioni mmoja wao alimsindikiza mpaka kwenye hema yake, kwa adabu, akijifanya anapita tu upande ule.

Jambo hilo linajulikana. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler, huko Marekani, waliwaonyesha watu picha za maumbo mawili na kuuliza kama ni umbo moja lililogeuzwa. Kadiri umbo lilivyokuwa limegeuzwa zaidi, ndivyo jibu lilivyochukua muda zaidi, kana kwamba mtu analizungusha kweli kichwani, polepole. Lakini kuzungusha kitu kidogo kilicho mbele ya macho ni kazi moja, na kujua mahali ulipo ndani ya nchi kubwa inayokuzunguka ni kazi nyingine. Vipaji hivyo viwili ni ndugu, si mapacha. Mwanafunzi wa kwanza katika jiometri anaweza kupotea sokoni Virunga, na mama asiyejua kusoma anaweza kuvuka msitu usiku.

Na lile neno la kijana aliyecheka? Katika majaribio ya kuzungusha maumbo, wanaume kwa wastani hupata alama nzuri zaidi. Wastani, lakini, haumhusu mtu fulani, na hauelezi sababu. Utafiti mkubwa ulifanywa kwa mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest, ambamo mtu huongoza mashua kwa kukumbuka ramani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba tofauti kati ya wanaume na wanawake ilikuwa ndogo katika nchi ambako wanawake wanakaribia usawa na wanaume, na kubwa ambako usawa ni mdogo. Msichana anayezuiwa kwenda mbali na nyumba atajuaje njia za mbali? Mwaka 2022, kwa hesabu ya watu karibu 400,000 wa nchi 38, ikaonekana kwamba waliokulia nje ya miji ndio kwa wastani walioongoza mashua vizuri zaidi. Waliokulia katika miji ya barabara zilizonyooka kama rula, kama Chicago, walipata shida zaidi pale njia zilipopinda.

Kwa hiyo "mama wa kijijini hawezi kujua njia" ni neno lililosimama kichwa chini. Kijiji ndicho kilichomfundisha. Na wataalamu waliokusanya tafiti 217 juu ya mafunzo ya namna hii walieleza mwaka 2013 kwamba uwezo huu huongezeka kwa mazoezi, kwa wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo.

Kutoka mavumbini hadi barabarani

Mwalimu akabadili mchezo. Aliwaomba watoto wachore kambi: bomba la maji, choo, hema ya dawa, njia ya Sake, ziwa, volkano. Michoro ya kwanza haikufanana. Mtoto mmoja alichora hema yao kubwa kuliko Nyiragongo. Mwingine aliweka bomba la maji pande mbili, kwa sababu alilifikia kwa njia mbili na hakujua kwamba ni lilelile. Wakatembea pamoja, wakasahihisha, wakafuta, wakachora tena.

Binti yule alimchukua mama yake siku iliyofuata. Alimfundisha jambo moja ambalo wawindaji wa zamani walilijua: unapokwenda, geuka nyuma mara kwa mara uone njia ya kurudi ilivyo, kwa kuwa njia ya kurudi ina sura nyingine. Mama naye akamfundisha binti alilolijua yeye: sikia ardhi kwa miguu. Hata wingu likiifunika Nyiragongo, ardhi yenyewe inaonyesha upande wa ziwa, kwa kuwa maji ya mvua hayakosei. Akafunga kitambaa cha kitenge chekundu kwenye mti wa hema yake. Wiki ile ile bloku nzima ilikuwa ikielekeza wageni kwa kusema, "pita kwenye kitenge". Mama aliyechekwa alikuwa sasa ni alama.

Haya si michezo tu. Volkano ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbia gizani, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Mtoto anayejua kusema "kwa mama" peke yake ni mgumu kurudishwa. Na kwenye njia ya Sake, mabondeni, kuna mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi inayolala mahali pa chini na kuua. Mhami anayepiga hema shimoni ili ajikinge na upepo, bila kujua mahali pa juu na pa chini pana maana gani, anaweza asiamke.

Mwanzoni mwa 2025, familia ya mama huyu iliondoka kambini pamoja na umati. Barabarani, kati ya pikipiki, chukudu na watu waliobeba mabati vichwani, mtoto wa kiume wa miaka sita aliachia kitenge cha mama yake. Alipogeuka, hakumwona.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mandazi alimkuta amesimama, halii. Alimwuliza anatoka wapi. Mtoto alitaja jina la mama yake lote, la dada yake, na jina la kijiji chao. Kisha akasema: "Mama alisema tukipotezana, tungojane kwenye bomba la mwisho, upande wa ziwa. Alisema nisipande."

Yule mwanamke alifunika mandazi yake na kumshika mkono. Wakashuka. Mama alifika kwenye bomba saa kumi na moja jioni, amepoteza sauti kwa kuita. Mtoto alikuwa ameketi juu ya bidoni ya mtu, anakula.

Kwa familia

Mambo machache hayahitaji fedha wala simu. Mfundishe mtoto jina lako lote, si "mama" peke yake. Mfundishe jina la kijiji, la mtaa na la mkuu wa bloku. Mwonyeshe alama nne kubwa: volkano, ziwa, jua linapotoka, jua linapozama. Popote mnapohamia, siku ya kwanza, kabla ya kutandika, chagueni pamoja mahali pa kukutana mkipotezana, kisha mtoto akuongoze mwenyewe mpaka hapo na kurudi. Kila mnapohama, mahali hapo pabadilishwe, na mtoto aambiwe. Msiwacheke wanaouliza njia. Na wasichana watumwe mbali kama wavulana, mchana, wakiwa wawili wawili, ili nao wajenge ramani yao.

Jioni, kukiwa na vumbi na kijiti, chora ile nyumba yenye paa na X ndani. Mtoto aanzie chini.

Mama wa Masisi anakaa sasa katika chumba kimoja cha familia iliyompokea, na anasema hii ni ramani yake ya tatu. Ya kambi ameisahau tayari. Ya Masisi bado anaipitia kila usiku kabla ya kulala, kutoka mlango wa nyumba mpaka kivuko cha mto, na binti yake hulala karibu ili aisikie.